Kiganja ni Mfuko

Ukimtoa mama yangu aliyenizaa na kuniogesha, mtu aliyeugusa mwili wangu mara nyingi kuliko binadamu mwingine yeyote ni mzee mmoja wa mtaa wa Ngokolo, Shinyanga, ambaye hakuwa anatoa mkono. Mke wangu akinisikia nasema hivi hununa, lakini hana la kupinga. Kila jioni ya kazi nilivua viatu mbele ya mzee yule, nikafungua kinywa, nikainua ulimi, nikamnyooshea miguu naye akavitenganisha vidole kimoja kimoja. Alipita kwenye nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye pindo la suruali. Akimaliza alisema maneno mawili, yale yale kila siku: "Safi. Pita." Kisha akamgeukia aliyenifuata.

Alikuwa mpekuzi wa mgodi wa almasi. Si ule mkubwa ambao kila mtu ameusikia. Wetu ulikuwa mdogo, wa kampuni ambayo jina lake sasa halimsaidii mtu, na sisi wengine tulikuwa watu wa kuosha changarawe. Jina alikuwa nalo, la ukoo na la ubatizo, lakini nyuma ya mgongo wake tulimwita Mpekuzi na mbele ya uso wake tulimwita Mzee. Tulikuwa majirani pia. Ukuta wa choo chake ulikuwa ukuta wa jiko langu, jambo ambalo mke wangu alilitaja kila mwenye nyumba alipopita.

Kwetu salamu ni kazi. Mtu anakushika mkono, anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe hata kama anajua ng'ombe huna, na muda wote huo mkono wako bado anao yeye. Ukiuchomoa mapema, umemtukana. Mzee yeye alisimama wima, mikono nyuma. "Mwangaluka, baba," mtu anamwambia kwa Kisukuma, mkono mbele. "Mwangaluka. Za huko?" anajibu vizuri kabisa, kwa sauti ya upole, na mkono wa mwenzake unaning'inia pale mpaka aurudishe mwenyewe. Vijana hawakuona shida, maana shikamoo hutosheka na marahaba. Walioumia ni wa rika lake. Wapo waliosema ni maringo ya mshahara. Wapo waliosema ni mchawi, anaogopa mkono wake usikutane na dawa ya mwenzake. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Kambarage alishikilia kwamba ni dini mpya.

Ukweli nilioupata kwake mwenyewe ni huu. Mvua ilitushika langoni siku moja, mimi na yeye chini ya bati lile dogo, na kwa kuwa mvua ya kwetu ikiamua kunyesha haina haraka, akaanza kuzungumza.

"Zamani nilikuwa na mwenzangu hapa mlangoni," akasema. "Mcheshi huyo! Kila mtu anampa mkono. Siku moja mtu wa kuosha changarawe akamsalimia, wakacheka, akapita. Wakubwa walikuwa wanatazama. Wakamwambia mwenzangu, fungua kiganja. Akafungua. Jiwe lipo."

"Alikuwa anajua?"

"Sijui. Aliapa hajui. Aliapa mpaka machozi yakamtoka, na wakamchukua anaapa. Mimi nilikuwa namtazama usoni, na uso najua kuusoma, lakini siku ile sikusoma kitu." Akainua kiganja chake, akakitazama. "Kiganja ni mfuko, Baba Neema. Mfuko usio na mshono. Suruali nitaipekua. Kiganja changu nitakipekuaje wakati kimeshikwa na mwenzangu?"

Tangu siku hiyo hakumpa mtu mkono, kazini wala mtaani, kanisani wala msibani. Nikamwambia kanisani hakuna almasi. Akasema desturi ni kama mbwa, ukimfungia nje siku moja tu anasahau nyumba. Sikumwelewa vizuri, na sidhani na yeye alijielewa, ila mvua ilikuwa imekatika.

Kazi ilimwingia mpaka mezani. Hakuweza kula andazi bila kulipasua katikati na kulichungulia. Karanga alizifungua zote kwanza, akazitandaza kwenye sahani, ndipo akala. Mke wake, Mama Kulwa, mwanamke mnene wa vicheko aliyekuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga barazani, alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Baba Kulwa, hilo andazi limeiba nini?" Naye alijibu bila kucheka, "Bado sijajua."

Lakini mtu huyu asiyeliamini hata andazi, mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli. Baiskeli yake ililala nje, imeegemea mwarobaini. Nilipomuuliza alisema mwizi anaiba pale anapojua anatazamwa, kwa kuwa anakasirika. Mimi nadhani alichoka tu. Mtu aliyeshinda kutwa akishuku watu, anapofika nyumbani anataka kupumzika, kama vile mpishi wa hoteli anavyokula ugali na chumvi kwake.

Jambo moja lilimkera kuliko yote, nalo ni upekuzi wa ovyo. Baada ya kutumaliza sisi, ilibidi naye apekuliwe na askari wa zamu, mara nyingi kijana mwenye njaa anayetaka kuwahi kwake. Kijana alimpapasa mabegani, akamwambia Mzee pita tu. Mzee hakuondoka. "Hujanipekua," alisema. "Umenipapasa. Rudia." Na alisimama pale, kinywa wazi, ulimi juu, viatu mkononi, mpaka kijana arudie kwa haki. Sisi tulicheka njia nzima ya kurudi mjini. Luhende, rafiki yangu, alikuwa akiigiza kwenye basi la wafanyakazi, ameinua ulimi, na basi zima linavunjika mbavu. Mzee alikaa kiti cha mbele, peke yake, akitazama barabara. Nilikuwa nikicheka na nikimtazama shingo, na shingo ile haikugeuka hata mara moja.

Sasa niseme habari ya kitambaa, kwa sababu bila hiyo hamtamwelewa.

Binti yao Kulwa alichumbiwa na watu wa Kahama, familia iliyokaa jirani na mgodi wa Buzwagi. Siku ya wakwe kuja, baba wa kijana alishuka kwenye gari akiwa amevaa koti la bei ya mavuno ya msimu mzima, akaja moja kwa moja, mikono miwili mbele, tabasamu mpaka masikioni. Mzee akaweka mikono nyuma. Mkwe akasimama. Tabasamu likaanza kuondoka. Mimi nilikuwa pale nimebeba viti vya kuazima, nikaona kabisa jinsi ng'ombe wa mahari walivyogeuza vichwa kurudi kwao. Ndipo Mama Kulwa akatoka ndani kwa kasi ambayo mwili wake haukuonekana kuwa nayo, akamshika mumewe bega, akasema kwa sauti, "Jamani samahani sana, Baba Kulwa ameumia mkono, nimemwambia asitoke kabla sijamfunga!" Akamvuta ndani. Walipotoka tena, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe kuanzia kwenye vidole mpaka kifundo, kazi safi ambayo hata muuguzi angeisifu. Mkwe akasema, "Pole sana, mwenzangu, pole." Mambo yakaenda.

Tangu siku hiyo kitambaa kile kilikaa kwenye mkoba wa Mama Kulwa, kimefuliwa na kukunjwa. Harusi ikitokea, msiba ukitokea, ibada ya kumsimika mchungaji ikitokea, alimfunga kwanza. Hakuna aliyedanganyika. Kidonda gani hakiponi wala hakiozi? Kila mtu alijua, na kila mtu alisema pole. Ndivyo tunavyoishi na watu. Mama Kulwa aliwapa njia ya kutokasirika, nao wakaipita, na mzee akaketi katikati ya wenzake na mkono wake mweupe mapajani kama mtu mwingine yeyote. Niliwahi kumwona anamfunga, mlango ukiwa wazi. Alikuwa akizungusha kitambaa polepole, kidole kwa kidole, wanaongea habari za bei ya karanga. Yeye peke yake alikuwa na ruhusa ya kushika mkono ule, na niliona wivu kidogo, sijui wa nani.

Kisha ukaja ule mwaka wa ugonjwa, dunia nzima ikajifungia.

Nimeufikiria sana uchumi tangu wakati ule, kwa akili yangu hii ya kuosha changarawe. Nilikuwa nadhani kazi yangu iko mikononi mwangu na mwa bwana mkubwa. Kumbe ilikuwa kwenye kidole cha msichana fulani wa ng'ambo ambaye sitamwona maishani. Kijana wa huko akiahirisha kuposa, mimi wa Ngokolo naahirisha kula. Harusi zilisimama, pete hazikununuliwa, wanunuzi wa mawe hawakusafiri. Tuliendelea kuosha kwa muda, na mawe yakaendelea kukaa ndani, na sisi tukaendelea kupekuliwa kwa ukali ule ule, tusije tukaiba kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Siku moja mchana tukakusanywa. Meneja akasoma kwa kipaza sauti kwamba kazi inasimama mpaka soko litengemae. Hakueleza soko hutengemaa vipi. Tulipanga foleni ya mwisho ya upekuzi, wengine wanapiga kelele, wengine wanatukana, Luhende anasema, "Mzee, leo tuachie basi, tupite na matope yetu!" Mzee alitupekua kama siku zote, labda polepole zaidi. Kila mmoja alipewa maneno yake mawili. Nilipofika alitenganisha vidole vyangu vya miguu, akanitazama usoni mara moja, akasema, "Safi. Pita."

Nilikuwa wa mwisho. Tukageuka wote wawili kumtafuta askari wa zamu, naye alishaondoka. Nani atabaki kulinda lango siku ambayo kazi imekufa? Mzee alivua viatu. Akasimama pale penye alama ya miguu sakafuni.

"Baba Neema," akasema, "nipekue."

"Mzee, twende. Basi litatuacha."

"Nipekue. Mimi sijawahi kutoka hapa bila kupekuliwa, na leo sitoki."

Nikampekua. Sikujua kazi, nilifuata tu alivyokuwa akinifanyia. Mbavu zake zilikuwa karibu sana na ngozi. Mfukoni alikuwa na karanga, zimefunguliwa zote. Nilipofika kwenye viganja akavifungua mwenyewe, wazi, mbele ya macho yangu, nami nikavitazama bila kuvigusa. Nikasema, "Safi. Pita." Akavaa viatu, akapita. Kwenye basi alikaa kiti chake cha mbele na mimi nikakaa nyuma na wenzangu, ila siku ile hakuna aliyeigiza.

Na hapa dunia ikafanya mzaha ambao mpaka leo unanichekesha na kuniuma. Kwa ajili ya ugonjwa ule, watu wote wakaacha kupeana mikono. Mji mzima wa Shinyanga, watu wa kushikana mpaka jasho, wakaanza kuweka mikono nyuma! Wakagongana miguu, kiatu kwa kiatu, wanacheka. Sisi wengine tulikuwa tumekaa vijiweni bila kazi, nyuso chini. Mzee alichanua. Sina neno jingine. Alitoka barazani, akapita mtaa wote, anagonga kila mguu uliokuwa mbele yake. Alikwenda mpaka kijiwe cha kahawa cha Kambarage ambako hakuwa ameketi maishani, akaagiza, akaketi katikati ya wazee wenzake. "Sasa mmeelewa," akawaambia. "Nilisema kiganja ni mfuko." Wakacheka naye. Fundi cherehani yule wa dini mpya alimgonga mguu na kumwita mwalimu. Mama Kulwa alikitoa kitambaa kwenye mkoba, akakitumia kufunikia sufuria ya michembe.

Nilimpenda mzee wakati ule. Nilikuwa sina kazi, kodi ya nyumba inanitafuta, mke wangu ameanza kusema habari za kurudi kwao kulima mpunga, lakini nikimwona mzee anavuka barabara kwenda kumgonga mtu mguu nilijisikia kwamba kuna mtu mmoja hali hii imemfaa.

Haikudumu. Watu wa kwetu hawawezi kukaa bila kushikana. Mkono wa kwanza ulirudi kimyakimya, kwenye msiba nadhani, halafu wa pili, halafu yote. Asubuhi moja nilimwona mzee nje ya duka la mangi wetu, amenyoosha mguu kumsalimia fundi cherehani, na fundi cherehani amenyoosha mkono. Wakakaa hivyo. Kisha mzee akaurudisha mguu wake chini taratibu, akaweka mikono nyuma. Kijiweni hakurudi tena.

Mke wangu akaenda kwao na watoto, nami nikaenda Geita, kwa sababu dunia ina ajabu yake: ikifurahi inanunua almasi, ikiogopa inanunua dhahabu. Wakati sisi tunafungiwa, Geita walikuwa wanachimba mpaka kwenye viwanja vya nyumba. Nilipata kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na nilipanga chumba cha bati nikiishi na vumbi na simu. Kuna watu wengi Geita kuliko mahali popote nilipowahi kukaa, na hakuna anayekujua. Leo unafanya kazi na mtu, kesho amesikia kuna duara, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu huko mbele, amekwenda, hata jina lake la kweli hukulipata.

Upekuzi upo pia, ila ni wa kijana mwenye kifimbo cha umeme kinacholia kikinusa madini. Siku ya kwanza, kwa mazoea, nilivua viatu, nikafungua kinywa, nikainua ulimi. Kijana akacheka. "Mzee, unatafuta daktari? Pita bwana!" Akanipitishia kifimbo hewani, hakikulia, nikapita. Hakunigusa. Nilitembea mpaka chumbani, nikakaa kitandani, nikagundua kwamba ulikuwa umepita muda mrefu sana bila mtu yeyote kunigusa, hata kwa kunishuku. Nililia, na sioni haya kusema.

Habari za Mama Kulwa nilizipata kwa Luhende, ambaye sasa anaendesha bodaboda pale mjini. Alipiga simu akasema yule mama ameanguka barazani pake, kati ya mabeseni yake, na wameshamzika. Niliomba ruhusa, wakachelewa kunipa, nikafika Ngokolo matanga yamekwisha na viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe. Kulwa alikuwa ameondoka asubuhi ile kurudi kwake Kahama, kwa watoto. Mzee nilimkuta barazani peke yake. Beseni la karanga lipo pale pale, limefunikwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Baba Neema. Umekuja."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Kilikuwa kile kile, lakini kilifungwa vibaya, kimelegea kwenye vidole, kimekaza kwenye kifundo, na fundo lake lilikuwa limelowa. Nilielewa kwamba alijifunga mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno.

Nikasema pole. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake kidogo. Akaanza kuzungumza bila kunitazama.

"Siku ya maziko nilijifunga mapema. Nikasema watu watakuwa wengi, yeye hayupo wa kunifunga. Wakaja, wengi kweli. Hata wa kijiweni. Hata yule mkwe." "Kila aliyefika aliona kitambaa, akasema pole Mzee, akapita. Wananiheshimu. Foleni nzima, Baba Neema. Wakapita wote."

Nikakitazama kile kitambaa.

"Nilikuwa nataka hata mmoja anishike," akasema. "Nilikuwa nimeketi pale nataka hivyo, na nikashindwa kukifungua mbele yao. Na hiki nimeshindwa kukifungua tangu siku ile. Fundo limekaza, naling'ata mpaka leo."

Akanyoosha mkono mbele yangu. Nikasogea, nikalishika fundo kwa kucha. Lilikuwa gumu, nikatumia meno kama alivyotumia yeye. Nikakizungusha kitambaa kurudi nyuma, kidole kwa kidole. Ngozi ya chini ilikuwa imejikunja na kuwa nyeupe kama ya mtoto aliyekaa majini. Hakukuwa na kidonda, bila shaka. Nilikikunja kitambaa, nikakiweka juu ya beseni la mama yule.

Mkono wake ulibaki hewani. Nami nikatoa wangu, sikufikiri. Akautazama. Halafu akaushika, kwa nguvu ambayo sikuitegemea, na tukasalimiana kama watu wa kwetu: habari za Geita, habari za Mama Neema, habari za watoto, mpunga umekubali? Na ng'ombe? Sina ng'ombe, Mzee. Najua, lakini habari zao? Nzuri, Mzee.

Tulipomaliza hakuniachia. Mazoea yalikuwa na nguvu kuliko msiba: alikigeuza kiganja changu juu, akavifungua vidole kimoja kimoja, akakisogeza karibu na macho. Kulikuwa na sugu za karasha na vumbi lile la mawe ambalo haliishi kwa sabuni. Alipitisha kidole gumba katikati, polepole.

"Safi," akasema.

Nikasubiri lile neno la pili. Basi la kurudi Geita lilikuwa linapita barabara kuu saa ile, na mkoba wangu ulikuwa bado begani. Hakulisema. Nikaushusha mkoba kwa mkono uliobaki.